Kompyuta Iliyolazwa Kwenye Friza

Msibani kwa mama yangu watu walicheka. Kucheka kwenyewe sikukushangaa, ndiyo kazi ya watani. Jeneza halijatolewa ndani, Mwanahawa, mtani wake mama kutoka Ulaya, Ulaya hii yetu ya Kilosa ya baiskeli na magulio, alijifunga kanga ya marehemu, akajitwika beseni, akapita katikati ya waombolezaji akimwigiza mama anavyotembea, mgongo umenyooka, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. "Maji baridiii! Barafuuu! Ninunulieni, jamani, mie nimekufa lakini biashara haijafa!" Kisha akaanza kuimba ule wimbo wa kanisani wa mama, yeye Mwislamu, maneno kayakosea karibu yote, na jamvi zima likaangua kicheko. Baba naye alicheka mpaka akafuta macho. Vibibi wa Lumuma, kwao mama milimani, peke yao ndio walioinamisha vichwa.

Baada ya hapo kila aliyenishika mkono alinipa neno lilelile. "Mama yako alikuwa mtu wa furaha, mwanangu. Muda wote anaimba."

Nilikuwa na Zawadi, binti yangu, mgongoni, na hasira ya kuweza kupindua sufuria la wali wa msiba. Furaha? Mama yangu? Lakini ningewajibu nini, wakati hata mimi niliamini hivyohivyo utoto wangu karibu wote?

Vitu vilipogawanywa, mimi nilipewa friza. Haijagandisha kitu tangu nikiwa mdogo. Mama aliigeuza ghala la mahindi kwa sababu panya wa Lumuma hawawezi kutafuna bati. Nilipofunua mfuniko nitoe mahindi yaliyobaki, harufu ikanipanda puani: mahindi makavu, mpira uliozeeka, na chini kabisa harufu nyingine, ya plastiki iliyoungua. Miaka yote hiyo na bado imo. Ubavuni kuna tundu la kuingia kidole gumba, limezibwa kwa gunzi. Nikaketi palepale chini, na Zawadi akafikiri tunacheza.

Kabla ya friza tulikuwa watu wa Kilosa mjini. Babu mzaa baba aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, mkonge ukafa, baba akaingia karakana ya reli akawa fundi wa umeme. Halafu siku moja wakaitwa wote uani wakaambiwa wamepunguzwa. Nyie wa rika langu mnalijua neno hilo, tulilisikia kabla hatujajua kusoma. Mimi nilisimama mlangoni kumsubiri baba nione amefupishwa kiasi gani. Akaja vilevile, mrefu, na kofia yake ya kazini mkononi. Ila alipoketi hakuinuka mpaka jioni.

Kiinua mgongo chake mama alikidaka kabla hakijaota mbawa. "Tunahamia barabarani," alisema. "Huko Mikumi malori hayalali, na kila mtu anayepita ana kiu." Wakanunua friza moja nyeupe, ndefu kama kitanda changu, tukapanga vyumba viwili nyuma ya stendi. Miaka ile vitu vilikuwa vimejaa ghafla. Baba alipenda kusema kwamba zamani hata betri ya redio ulipangia foleni, sasa kila kitu kipo dukani isipokuwa kazi.

Friza ndiyo iliyotulisha. Mama alifunga maji kwenye vifuko vya nailoni, na barafu za ubuyu na ukwaju, akajaza beseni, akakimbilia madirisha ya mabasi. Beseni likiisha alirudi kujaza jingine. Mimi nilikuwa nikiegemeza mgongo kwenye ubavu wa friza mchana, inaunguruma polepole kama paka aliyeshiba, na kwa akili yangu ya kitoto mtu wa nne wa nyumba ile alikuwa ni yeye. Baba alitengeneza redio na pasi za watu barazani. Kazi zilikuja moja moja. Siku nyingine alikaa tu akitazama malori yanavyopita kwenda Iringa, kama mtu aliyeachwa na kila moja.

Kisha akaenda Morogoro kutafuta vipuri, na huko akaona mtu anakata na kuunganisha mikanda ya video ya harusi kwenye kompyuta. Alirudi mtu mwingine. Hakuvua hata viatu.

"Mama Neema, unajua wenye harusi wa hapa wanapeleka wapi mikanda yao? Morogoro! Wanasubiri mpaka bibi harusi anajifungua. Kompyuta hiyo naiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Hutabeba tena beseni."

Mama alikuwa anakaza mafundo ya vifuko kwa meno. Akatema kipande cha nailoni. "Na mpaka hiyo kompyuta iive, beseni nalibeba?"

"Kwa muda tu."

Mama akaanza kuimba. Wimbo wa kwao milimani, wa kanisani, sauti ya chini inayopanda taratibu kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Nikaanza kucheza. Nilijua nyumba yetu imepata neema, baba anachekelea na mama anaimba.

Vipande vilikuja na malori. Dereva mmoja, Shabani, alikuwa akishuka Dar na kupandisha Mbeya, na kila akipita alituletea kitu kilichofungwa gazetini: leo sanduku la bati, siku nyingine hadi disiki ya kuhifadhia kazi, siku nyingine kijiti cha ramu, kumbukumbu ya kompyuta, ambacho baba alikishika kingo kwa kingo kama picha ambayo haijakauka. Vyote vilikuwa vimetumika huko vilikotoka. Nilizoea kunusa magazeti yale. Yalikuwa na harufu ya dizeli na ya mahali ambapo watu wengi wanapumua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mchumba. Baba yako yupo, au amemezwa na hilo dubwana lake?"

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, Shabani alileta mazabodi mbili. Hiyo mazabodi ndiyo ubao ambao vipande vingine vyote vinachomekwa. Mama alikuwa amerudi kujaza beseni. Baba akatandika mkeka, akaziweka bega kwa bega, moja ya kijani, nyingine ya kahawia, zote zina vijinjia vidogo vidogo vinavyong'aa. Nikaona miji miwili iliyotazamwa kutoka juu ya mlima, na nikaamini baba anatuchagulia pa kuhamia.

"Fundi wa Kariakoo kasema chagua moja, nyingine nimrudishie," Shabani alisema. "Hii ya kijani picha imo, sauti imo, kila kitu kimo. Unachomeka unawasha. Hii ya kahawia haina kitu, picha ununue kadi yake pembeni. Ila eti ina kiburi. Ukiijulia, prosesa, ule ubongo wake, inakimbia kuliko ilivyozaliwa."

"Na hawa wa harusi wanataka mbio," baba alisema, kama anajiambia. Akaiinua ile ya kahawia kwenye mwanga wa dirisha. "Ona, nafasi za ramu nne. Ile ina mbili. Na hivi hapa," akanionyesha vikofia vya plastiki vidogo kama punje za mchele, "ukivihamisha ndiyo unaamua spidi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake. "Baba Neema, si uchukue hiyo yenye kila kitu?"

"Hiyo imefungwa. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyokufa. Hii unaweza kuisogeza."

"Kuisogeza wapi?"

"Mbele."

Shabani alicheka. "Shemeji, mwache mwanaume ajaribu. Kwani wewe hupendi kuitwa mke wa bosi?"

"Mke wa bosi bado ananunua chumvi," mama alisema. Akajitwika beseni. "Haya. Mbele." Akatoka akiimba, na wimbo wake ukavuka barabara, ukapotea kwenye honi. Nikamwambia Shabani, "Mama amefurahi." Shabani akanitazama, akanikuna kichwa.

Siwezi kusema baba alikuwa mjinga. Ningeweza, ningekuwa nimepumzika. Kompyuta ile iliwaka. Aliiunda kwenye meza ya jikoni, feni inavuma, taa ya kijani inawaka, na kwenye monita ya kuazima yakaja maandishi meupe, baba akalia. Alikata harusi mbili, tatu, watu wakazipenda. Lakini mkanda mmoja ulikula siku nzima kutoka, na yeye hakuwa na subira hiyo tena. Akaanza kuhamisha vile vikofia. Kimoja, ikapanda. Akapumzika, akahamisha kingine. Alikuwa akitabasamu peke yake, tabasamu ambalo hatukuwahi kupewa sisi.

Kisha joto likaja. Mliowahi kukaa Mikumi mvua za vuli zikichelewa mnajua: lami inanata kwenye kandambili, nyani wanakaa kivulini midomo wazi. Kompyuta nayo ikaanza kuzima katikati ya kazi. Baba akafungua sanduku likabaki ubavu wazi. Ikazima. Akachukua feni ya mezani ya chumbani, tukalala tunavuja jasho. Ikazima. Akaweka vifuko vya barafu vya mama kuizunguka juu ya meza, kama mgonjwa wa homa. Mimi nilikuwa nikiigusa paji la bati na kuiambia, pole.

Tulikuwa na mkanda wa mwenye gesti mmoja, mtu mzito pale stendi. Alikuwa amemwoza binti yake. Alikuja mwenyewe. "Fundi, mwanangu anaondoka Jumapili kwenda kwa mumewe. Nataka aondoke nao mkononi. Utaweza, au nipeleke Morogoro?"

"Jumamosi unao," baba akasema.

Asubuhi ya Jumamosi kompyuta ilikuwa imezima tena, harusi imefika kwenye keki. Mama alikuwa anapanga beseni. Akasema bila kugeuka, "Baba Neema. Si ukirudishe hicho kikofia ulipokikuta? Iende polepole, ifike."

Naisikia mpaka leo sauti ya baba ilivyotoka. Haikuwa ya ukali. "Polepole nimeenda maisha yangu yote, Mama Neema. Reli ilienda polepole. Nikafika wapi?"

Mama akajitwika beseni. Akatoka.

Alipotoka, baba akafunua friza. Akatoa maji na barafu zote, akazijaza kwenye ndoo uani. Akaibeba kompyuta kama mtoto aliyelala na kuilaza humo ndani, nyaya zikining'inia nje. Nilishangilia. Niliona amewakutanisha wawili waliopaswa kujuana siku nyingi. Na kwa kitambo kidogo ilikwenda kweli. Kwenye monita harusi ilipita keki, ikafika kwenye zawadi.

Mama akarudi kujaza. Akaziona ndoo, vifuko vinaelea. Akaona nyaya.

"Ni leo tu," baba alisema.

"Leo ndiyo Jumamosi. Mabasi yamejaa mpaka mlangoni."

"Mama Neema, ni leo tu, nakuapia."

Tatizo lilikuwa mfuniko. Nyaya zilizuia usifunge, baridi ikawa inatoka kama moshi. Baba akaishika drili yake ya karakanani, kitu pekee alichoondoka nacho reli. Mkono ule ulitoboa bati maisha yake yote. Lakini ulizoea bati la behewa, ambalo nyuma yake hakuna kitu. Akapima ubavuni kwa vidole, akatoboa.

Kwanza ikalia kama bati. Kisha ikalia ssssss, ndefu, kama nyoka aliyekanyagwa. Nikakimbia kuweka kiganja, na kweli kulikuwa na upepo wa baridi unatoka, wenye harufu tamu ya mafuta. "Baba, baridi inatoka!" nilipiga kelele kwa furaha. "Baridi yote inatoka!"

Baba akanisukuma mkono akaweka kidole gumba chake kwenye tundu. Akabaki hivyo, amepiga goti, amekaza kidole, uso wake umegeukia ukutani. Friza iliendelea kuunguruma, lakini mngurumo ulikuwa umebadilika, kama mtu anayetafuna na hana kitu mdomoni. Nilidhani ni mchezo, nani atachoka kwanza. Nikapiga goti pembeni yake. Nikaona mama anamtazama baba, kisha kile kidole, kisha zile ndoo. Aliyachota maji yaliyobaki na ubaridi, akajitwika, akaenda stendi. Wimbo alianza kuimba kabla hajavuka uzio. Wauza korosho waliniambia siku hiyo aliimba basi hata basi, na abiria mmoja mzungu alimpigia makofi.

Gesi ilipokwisha baba akatoa kidole, kimekuwa cheupe. Akaitoa kompyuta. Ilipopigwa na joto la chumba ikaanza kutoka jasho, matone kwenye kila kijinjia cha ule mji wa kahawia. Akaifuta kwa shati lake. Kisha akaiwasha. Kwa nini hakusubiri ikauke, sijui. Labda alitaka angalau kimoja kiwe hai mama akirudi. Kukasikika mlio mfupi, pa, moshi mwembamba, na harufu ile. Harufu hiyohiyo niliyokutana nayo chini ya mahindi.

Mwenye gesti aliupeleka mkanda Morogoro. Fundi wa mafriji tuliyemleta aligonga ubavu akasikiliza, akasema mrija umepita ndani ya ukuta, umeshikana na sponji, hauungiki. Baba akamwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Hatukuwa na cha kumpelekea mtu mwenye kiu, basi tukahama tena, sasa kupanda milimani Lumuma, kwa kina mama. Mama alisisitiza friza ipande nasi kwenye lori la vitunguu. Watu walimcheka. Baba aliifunga ile mazabodi ya kahawia kwenye shati lake akaiweka chini kabisa ndani ya friza, na mahindi yakaja juu yake.

Lumuma mama alilima vitunguu, na aliimba. Aliimba akipandikiza, aliimba akifungulia maji ya mfereji. Siku moja nilikuwa na bibi, mama yake, tunachambua maharage kibarazani. Wimbo ukatufikia kutoka bondeni. Bibi akaacha kuchambua.

"Nani amemuudhi mama yako?"

"Hakuna, bibi. Amefurahi. Si anaimba?"

Bibi alinitazama kama ananihurumia. "Sisi tulilelewa hivyo misheni," alisema. "Mke hamjibu mumewe mbele ya watoto. Hasira ikija, unaiimba mpaka ishuke. Mama yako akiwa na furaha, mjukuu wangu, anaongea. Anaongea mpaka anaudhi." Akarudi kwenye maharage. "Hukuwahi kumsikia?"

Nilitafuta kichwani. Nikakumbuka mara moja tu, siku friza ilipoletwa Mikumi. Alikuwa ameongea kutwa nzima, ataweka ubuyu upande huu na ukwaju upande ule, ataandika kibao, mimi nitavaa viatu vya kufunga kamba. Kisha nikazikumbuka siku zote nilizocheza mlangoni huku yeye anaimba.

Aliimba mpaka mwisho. Wakamweka kwaya ya akina mama, wakamfanya kiongozi kwa sababu hachoki. Baba alikaa kibarazani, hakutengeneza tena hata tochi, na mama alimpelekea chakula kwa magoti mawili, kwa adabu zote. Hospitali walisema presha. Walisema alikuwa nayo kwa miaka, hakuwahi kusema chochote. Kwamba hakusema, hilo nalijua. Na baba, maana ndiye aliyempasua, hakuwa mbaya, ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa mlevi ningemchukia nikamaliza. Alikuwa mtu aliyeachwa pembeni ya reli na drili mkononi, akitafuta kitu cha kukimbia nacho.

Friza nimeileta kwangu hapa Mikumi. Juzi nilikuwa naosha vyombo, mume wangu ameizunguka, ameshachomoa lile gunzi, anachungulia ndani ya tundu na tochi ya simu.

"Mama Zawadi, hebu njoo. Kuna jamaa Kilosa anasema siku hizi wanapitisha mrija mpya kwa nje. Inafufuka hii! Tukiuza ile cherehani yako tu, kwa muda. Unajua barafu inavyolipa hapa stendi? Hutashona tena viraka vya watu."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Ni mtu mzuri. Nilikuwa na jibu, lilikuwa tayari kwenye ulimi, limenoa meno. Nikaweka sahani chini.

Zawadi akaingia mbio kutoka uani, akaanza kuzunguka katikati ya chumba, mikono juu, gauni linapepea. "Baba, baba, njoo tucheze!" alisema. "Mama amefurahi!"

Ndipo nikasikia kwamba ninaimba.

Nikafunga mdomo. Nikamshika mabega, nikainama tulingane macho, nimwambie hapana, mwanangu, mama hajafurahi, mama amekasirika. Nikafungua mdomo nimwambie.

Ukatoka ubeti wa pili.